Habari za Watoto wa Vyuma vya Miguu katika Handeni na Korogwe

Katika vijitabu vya jubilei desturi yetu ni kuhesabu makanisa yaliyojengwa, mapadre waliowekewa mikono na shule zilizofunguliwa, na kuzipanga picha za maaskofu kwa taratibu tangu Askofu Smythies hata wa siku zetu. Hayo ni mema, wala sisemi yaachwe. Walakini iko hesabu nyingine ambayo haikupata nafasi katika vitabu vya mitaa yetu, nayo ni hesabu ya miguu. Wako watoto waliofika hospitali zetu wakitambaa chini kwa mikono na magoti, wakaondoka wamesimama. Nitasimulia habari zao kadiri nizijuavyo, na kwa kuwa mimi niandikaye ni mmoja wao, msomaji asistaajabu nikilitumia neno kiwete bila haya. Siku hizi twafundishwa kusema mtu mwenye ulemavu, na ni vizuri. Lakini utotoni mwangu jina langu lilikuwa lile jingine.

Ugonjwa wenyewe huitwa polio. Wazee wetu waliuita kupooza tu, maana hawakuuona mwanzo wake, waliuona mwisho. Mwanzo wake ni mdogo. Mtoto ana homa, kichwa chamuuma, shingo yakakamaa, atapika. Mama adhani ni malaria, kwa sababu kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitike siyo. Siku chache zikipita homa yaondoka, na mguu mmoja, au yote miwili, umelegea kama nguo iliyoloweshwa maji. Kijidudu cha polio huingia kwa kinywa, katika maji au chakula kilichoguswa na uchafu wa choo, hukaa matumboni, na mara chache hupita katika damu hata kufika katika uti wa mgongo, na huko huziua chembe zile ziiamrishazo misuli. Watoto walio wengi huambukizwa wasiugue kitu cha kutambulikana. Waganga wa hospitali wakadiria kwamba katika maambukizo 200 ni moja tu limleteealo mtoto kupooza kusikoponyeka, na katika hao wapoozao, watano hadi kumi katika kila mia hufa, misuli ya kuvutia pumzi ikiwa imenyamaza.

Basi hesabu hiyo ya moja katika 200 ndiyo iliyowachanganya watu wetu. Nyumba nyingi zateka maji katika kisima kimoja, na mtoto wa nyumba moja tu apooza. Mtu asiyejua habari za vijidudu hataulizia kisima, ataulizia majirani. Ni nani mwenye kinyongo na nyumba hii? Ni nani aliyefukia kitu njiani ili mtoto akikanyage? Ndipo mbuzi akauzwa, na kuku wakafuata, na mganga wa kienyeji akalipwa, na udugu wa miaka mingi ukavunjika kwa ajili ya ugonjwa ambao hapana mtu aliyeutuma. Katika Uzigua nimeona koo mbili zisizozikana kwa sababu ya mguu wa mtoto. Na mtoto mwenyewe akawekwa ndani. Wengine husema wazazi wale walikuwa wakatili. Mimi sisemi hivyo. Mama aendaye kuteka maji mbali, na kulima, na kutafuta kuni, hawezi kumbeba mgongoni mtoto wa miaka saba kila aendako. Alimwacha ndani kwa kuwa ndani kulikuwa na kivuli, na watoto wenziwe hawakuwepo wa kumcheka.

Wala tusidhani ya kuwa wenye elimu waliona mapema. Kwa muda mrefu mabingwa wa Ulaya waliamini kwamba polio si jambo kubwa katika nchi za joto, kwa kuwa watoto huambukizwa wangali wachanga na kupata kinga. Hata katika miaka ya 1970 huko Ghana wakafanya kazi rahisi ambayo mwalimu yeyote angeweza kuifanya: waliwahesabu watoto viwete shuleni. Wakaona kwamba polio ililemaza watoto huko kwa kiasi kama kile cha Ulaya na Marekani kabla ya kupatikana chanjo. Na mtoto asiyeweza kufika shuleni hahesabiwi shuleni.

Liko tena neno la sindano. Kina mama wengi wa Handeni na Korogwe walisema, Mtoto wangu alikuwa na homa tu, nikampeleka akachomwa sindano, na mguu uliochomwa ndio uliolemaa. Mama yangu alisema hivyo juu ya mguu wangu wa kushoto, nao waliomsikia walimcheka. Hakuwa mjinga. Mwaka wa 1950 waganga wa Uingereza na wa Australia waliandika kwamba mtoto aliyekwisha kuwa na kijidudu cha polio mwilini, akichomwa sindano siku zile, huelekea kupooza katika kiungo kile kile kilichochomwa. Sindano haikuleta ugonjwa, bali iliufungulia njia. Kwa hiyo mama aliyeona kwa macho yake kitu kikifuata kitu aliona kweli, ijapokuwa hakuijua sababu. Nayaandika haya kwa ajili ya mama wote walionyamazishwa, na pia ili mtu asiyachukue kuwa hoja ya kukataa chanjo; matone ya polio hayachomwi, hutiwa kinywani.

Sasa nije kwenye msaada wenyewe. Mwaka wa 1911 Askofu Frank Weston alianzisha Shirika la Mateso Matakatifu, nao Masista wa shirika hilo wakafanya kazi Unguja na Magila, kisha Kideleko, Kwa Mkono na kwingineko: wakauguza wagonjwa, wakafundisha wasichana, wakawatunza wenye ukoma. Tukumbuke jinsi nchi ilivyokuwa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka wa 1902, hivyo mtu wa Korogwe alikuwa na gari la moshi, lakini mtu wa Handeni alikuwa na miguu yake tu. Na asiye na miguu? Huyo alibebwa mgongoni, baadaye juu ya baiskeli, baadaye tena juu ya lori la mahindi au la mkonge, ikiwa dereva alikuwa mwenye huruma. Leo barabara ya Korogwe na Handeni ni ya lami, na vijana hawawezi kufahamu jinsi Sindeni ilivyokuwa mbali na kila kitu wakati wa masika.

Huko Kwa Mkono, penye Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Masista wakafungua nyumba ya watoto wa polio. Watu wote waliiita hosteli, nasi tuliokaa ndani yake twaiita hivyo mpaka leo. Fedha za kazi za namna hii zilitoka kwa sehemu kubwa kwa Wakristo wa Uingereza, kwanza kwa mkono wa UMCA, na baada ya chama hicho kuungana na SPG mwaka wa 1965, kwa mkono wa USPG na wa rafiki wengine. Hapana budi kulitaja jambo hili waziwazi. Watu wasiotujua, wengine wao wazee wenye pensheni ndogo, walilipia ngozi na chuma cha miguu ya watoto wa Kizigua.

Elimu ya kuwasimamisha watoto hao haikutoka Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1960 alikuwako Kampala, katika Hospitali ya Mulago, mganga wa mifupa aitwaye Ronald Huckstep. Aliona ya kwamba vyuma vya miguu vilivyotengenezwa Uingereza vilikuwa ghali mno, tena vilivunjika, na tena havikutengenezeka kijijini. Basi yeye na mafundi wa Kampala wakabuni vyuma vya bei ndogo: fimbo mbili za chuma, mikanda ya ngozi, na kiatu cha kuvishikilia. Mwaka wa 1975 alitoa kitabu juu ya polio kwa ajili ya nchi zisizo na fedha nyingi, nacho kikasomwa katika hospitali nyingi za Afrika. Taratibu yake ni hii. Mguu uliopooza na kuachwa miaka mingi hujikunja gotini na nyongani, kwa kuwa misuli mingine ina nguvu na mingine haina. Mtoto atambaapo siku zote, goti huganda katika hali ya kutambaa. Kwanza sharti mguu unyoshwe, kwa kukata kidogo kano zilizokaza, au kwa plasta inayobadilishwa mara kwa mara. Kisha ndipo huvalishwa vyuma, na mtoto hupewa magongo. Kwa maneno mengine, vyuma vyafanya kazi ya misuli iliyokufa, havihuishi misuli.

Hili nataka lisomwe vizuri, kwa kuwa shukrani zetu mara nyingi huchanganya mambo. Wakati wa jubilei watu hupenda kusikia ya kwamba fulani alikuwa kiwete akapona. Mimi sikupona. Mguu wangu wa kushoto ni mwembamba hata sasa kama mpini wa jembe, nami nauvalisha chuma kila asubuhi kabla ya sala. Hapana aliyeniponya, wala hapana aliyeniahidi kuniponya. Walinisimamisha, wakanipeleka darasani. Ndicho kitu walichokuwa nacho, nao wakakitoa chote.

Nilizaliwa mwaka wa 1981. Mama na mjomba walinifikisha Kwa Mkono mwaka wa 1987, mjomba akiisukuma baiskeli, mama akinishika kiuno nisianguke. Ilikuwa ni wakati wa kupalilia, na shamba la mama mwaka ule lilimezwa na magugu. Juma za kwanza zilikuwa za plasta. Goti linyoshwapo kidogo kidogo huuma zaidi usiku kuliko mchana, na katika chumba cha watoto mmoja akianza kulia wote hulia, mpaka yule mkubwa aseme basi. Baada ya vyuma ikaja elimu nyingine ambayo sikuiona katika kitabu chochote, nayo ni elimu ya kuanguka. Watoto wa zamani waliwafundisha wageni: ukiona waanguka, yatupe magongo mbali ili usiyaangukie, geuza bega, wala usinyoshe mkono mbele, maana mkono ukivunjika utakuwa huna hata wa kutambaa. Tulikuwa tukianguka makusudi, mmoja baada ya mwingine, tukicheka.

Mtoto hukua. Vyuma havikui. Vyuma vya mwaka huu mwaka ujao ni vifupi, ngozi huoza kwa jasho, misumari hulegea, kiatu huliwa na mawe. Basi aliyempa mtoto vyuma mara moja, akapigwa picha, akaenda zake, amempa kitu cha mwaka mmoja. Msaada wa kweli ulikuwa karakana, na fundi aketiye mahali pamoja, na hosteli irudishayo mtoto likizo ikiisha. Nyumba za namna hii hudumu kwa watu wasioonekana katika picha: fundi wa ngozi aliyejua kwa kusikia mlio wa hatua ya mtoto ni skurubu gani imelegea, wapishi, wasichana wakubwa waliotuchotea maji, wao wenyewe wakiwa na vyuma, madereva waliotupakia bila nauli. Na kina mama. Mfadhili aliyeko mbali alitoa alichoweza, nami namshukuru. Mama alitoa mavuno ya mwaka.

Lingine ambalo halikupata kusemwa ni hili. Tanzania ilipotangaza elimu ya msingi kwa watoto wote mwaka wa 1977, shule zilijengwa karibu na vijiji, na jirani zetu wote wakaingia. Lakini shule iliyo mwendo wa saa moja kwa mtoto mwenye miguu ni shule isiyokuwapo kwa mtoto atambaaye. Hosteli iliyo karibu na shule ndiyo iliyoifanya tangazo lile liwe kweli kwetu. Kama ningeulizwa, Katika yote uliyopewa ni lipi kubwa, vyuma au kitanda kile kilicho karibu na darasa? ningejibu, Kitanda. Wako wenzangu waliopata vyuma mahali pengine wakarudi kijijini, shule ikiwa mbali, na vyuma vikatundikwa ukutani vikashika kutu. Wasichana hasa. Wazazi wengi waliona afadhali kumpeleka mvulana, wala polio haichagui. Na mpaka sasa nikiwahesabu viwete wenzangu waliopata kazi ya ualimu au uandishi katika wilaya zetu, wanawake ni wachache kuliko ilivyostahili.

Wako wasemao kwamba misaada hii ya wageni imetuzoeza kunyosha mikono. Neno hilo lina ukweli ndani yake, nami sitalipuuza. Mtoto haulizi chuma kimetoka wapi, lakini watu wazima yawapasa kuuliza kitakachofuata kitatoka wapi. Masista wa Mateso Matakatifu waliondoka katika nchi yetu mwaka wa 1991, wakawaachia kazi wenyeji, hasa Masista Waafrika wa Chama cha Mariamu Mtakatifu ambao wao wenyewe waliwalea. Na huko Moshi, palipofunguliwa Hospitali ya KCMC mwaka wa 1971, kilianzishwa mwaka wa 1981 chuo cha kufundisha mafundi wa vyuma na viungo vya bandia, nacho chafundisha vijana wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika. Hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko shehena ya viatu. Dar es Salaam nako CCBRT ilianza mwaka wa 1994, nayo imenyosha miguu ya watoto wengi waliozaliwa nayo imepinda. Hivyo zawadi yaweza kugeuka kuwa kazi ya mikono yetu, ikiwa aliyepewa anafundishwa kuitengeneza.

Nami nilipooza mwaka gani? Mwaka wa 1983, miaka 28 baada ya chanjo ya kwanza ya polio kutangazwa Marekani mwezi wa Aprili mwaka wa 1955, iliyotengenezwa na Jonas Salk. Matone ya Albert Sabin yakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Tanzania ikaanza mpango wake wa chanjo kwa watoto wote mwaka wa 1975. Dawa ilikuwapo, basi. Mimi na dawa hatukukutana. Matone yale huharibika kwa joto. Sharti yatoke kiwandani hata kinywani mwa mtoto yakiwa baridi siku zote, na kijiji kisicho na umeme chahitaji friji ya mafuta ya taa, na mafuta, na utambi, na mtu wa kuitazama. Mafuta yakiisha juma moja, matone ni maji tu. Mara nyingi nafikiri kwamba kati ya mguu wangu na uzima palikuwa na dumu la mafuta ya taa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka wa 1985 chama cha Rotary kilijitolea kuchangisha fedha za chanjo ya polio duniani. Mwaka wa 1988 mataifa yakaazimia kuufuta ugonjwa huu, wakati ulipokuwa ukilemaza watu wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125. Mwaka wa 1996 Nelson Mandela akaongoza wito wa kuifukuza polio Afrika, na mwaka huo huo ndipo Tanzania ilipopata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili. Nchi yetu ilithibitishwa kuwa haina polio mwezi wa Novemba mwaka wa 2015, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika yote ikatangazwa kuwa huru na polio ya asili. Siku ile niliwaambia wanafunzi wa kipaimara kwamba wamtazame mtu wa namna ambayo wajukuu wao hawataiona.

Lakini mwezi wa Februari mwaka wa 2022 Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa kijidudu kilichotoka Pakistani, na serikali yetu ikaanza tena kutuma watu nyumba kwa nyumba na masanduku ya baridi. Mwaka wa 2023 ikaonekana Rukwa aina nyingine, itokanayo na kijidudu dhaifu cha matone yenyewe, ambacho hupata nguvu kikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa. Habari hii iliwatia watu wengine hofu, nao wakaja kuniuliza mlangoni pa kanisa kama matone ni mabaya. Niliinua suruali nikawaonyesha chuma. Kisha nikawaeleza yale niliyoyaandika hapa juu, pole pole, pamoja na habari ya sindano ya mama yangu, kwa maana watu hukubali zaidi wakielezwa yote kuliko wakielezwa nusu.

Sisi tuliopata vyuma katika miaka ile sasa ni watu wazima, na waganga wametuambia jambo ambalo hatukulitazamia: ya kuwa miaka mingi baada ya polio, misuli iliyobaki huchoka kwa kubeba kazi ya misuli iliyokufa, na udhaifu hurudi. Mguu wangu wa kulia, uliokuwa mzima, umeanza kutetemeka nipandapo ngazi. Baadhi ya wenzangu wamerudi kwenye magongo waliyoyaacha ujanani, na wengine wahitaji kiti cha magurudumu, nao waona haya kuomba mara ya pili. Mitaa ya kanisa iwatafute watu hawa. Si wengi, nao wajulikana na kila mtu.

Na kwa walimu na makatekista wenzangu wa Korogwe, Sindeni, Kideleko, Kwa Mkono na Magila nina ombi moja. Majina ya maaskofu yamehifadhiwa, na ya Masista yako katika vitabu vya shirika lao. Majina ya mafundi wa ngozi, wapishi wa hosteli, wauguzi wa zamu ya usiku na watu waliobeba watoto mgongoni hayakuandikwa popote, na wanaoyakumbuka wamezeeka. Waulizeni wazee Jumapili baada ya ibada, mkayaandike katika daftari la mtaa pamoja na kijiji cha kila mmoja na miaka aliyofanya kazi. Majina ya madereva nayo yaandikwe.